Niliposhuka madhabahuni, waliniuliza nimeanguka wapi

Niliongoza sifa kanisani kwetu miaka 9. Jumapili niliyotangaza kwamba naacha ili nikafundishe watoto wa Shule ya Jumapili, simu haikunyamaza hadi usiku. Hakuna aliyeuliza habari za watoto. Walizungukazunguka tu wapate kujua nimeanguka wapi. "Mtumishi, kuna jambo tukuombee?" Ukiulizwa hivyo kwa sauti ya chini namna ile, ujue kesi yako imeshahukumiwa.

Ukweli ni kwamba nilichelewa. Jambo lenyewe lilikuwa limenijia zaidi ya mwaka kabla ya hapo. Sikuota ndoto wala sikusikia ngurumo. Ulikuwa mzigo tu, unarudi kila nikipiga magoti: wale watoto wa chumba cha nyuma, wanaoshikwa na yeyote aliyepatikana asubuhi hiyo, wanasimuliwa safina ya Nuhu wiki baada ya wiki. Niombee safari, wanakuja wao. Niombee wagonjwa, wanakuja wao. Nikajua, nikanyamaza, maana nilijua pia watu watasemaje.

Nilipothubutu kumdokeza mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu mpaka leo, aliniita pembeni: "Mwanangu, kipawa hicho si chako, ni cha kanisa." Maneno hayo yana ukweli ndani yake, ndiyo maana yalinishika. Wiki mbili baadaye mama mmoja wa kikundi cha maombi akaniletea neno, kwamba nikishuka madhabahuni sauti yangu itachukuliwa. Mtu akikwambia "naona usiache", mnaweza kujadiliana. Akikwambia "Bwana amesema usiache", utajadiliana na nani? Nikabaki mwaka mzima. Niliimba vizuri tu, watu walitokwa na machozi, na mimi nikihesabu zimebaki nyimbo ngapi nikakae.

Mwaka huo ndio nilimsoma mfalme Sauli upya. Katika 1 Samweli 13 ameagizwa amngoje Samweli siku 7 huko Gilgali. Wafilisti wamejikusanya, siku zimetimia, nabii haonekani, na watu wameanza kutawanyika. Sauli akaitoa sadaka ya kuteketezwa yeye mwenyewe. Samweli akafika pale pale alipomaliza, na jambo la kwanza Sauli alilojitetea nalo ni kwamba aliona watu wanamwacha. Hapo zamani nilikuwa napita haraka. Sauli hakuinamia sanamu siku ile, alifanya ibada. Alifanya jambo la dini ili watu wasiondoke. Sura ya 15, baada ya vita na Waamaleki, anakiri mwenyewe kwamba aliwaogopa watu akaitii sauti yao. Nilifunga Biblia nikakaa kimya. Kila Jumapili nilikuwa na Gilgali yangu.

Kisha kuna yule mtu wa Mungu kutoka Yuda, 1 Wafalme 13, ambaye jina lake hata hatuambiwi. Ameagizwa asile mkate, asinywe maji, wala asirudi kwa njia aliyoijia. Mfalme Yeroboamu anamkaribisha nyumbani na kumwahidi zawadi, anakataa bila kusita. Halafu nabii mzee wa Betheli anamfuata, anamwambia kwamba malaika amesema arudi akale. Alikuwa anamdanganya. Akarudi, akala, na njiani simba akamwua. Mfalme mwenye fedha alishindwa kumgeuza, mzee wa huduma akaweza, kwa kuwa alitumia jina lile lile la Bwana. Wengi wetu hatusumbuliwi na ulimwengu kiasi hicho. Tunasumbuliwa na wapendwa. Hata katika ndoa na kazi, anayekusukuma kwa kawaida ni mtu anayekuombea kila siku, na ndiyo maana unaona vibaya kumkatalia.

Kabla hujaenda kumwambia mchungaji wako kwamba humsikilizi mtu tena, nikueleze aibu yangu nyingine. Miaka ya nyuma niliwahi kujitoa kwenye kamati ya vijana nikisema Mungu ameniongoza. Hakuwa ameniongoza. Nilikuwa nimegombana na mwenyekiti, na sikutaka kuomba radhi. Hesabu za semina niliziacha katikati, wengine wakazimaliza kwa taabu. "Mungu ameniongoza" ni sentensi rahisi mno, haina anayeikagua. Kwa hiyo mzigo huu wa pili uliponijia nilijikagua mwenyewe kwanza: je, ninakwenda mahali, au nafsi yangu inamkimbia mtu? Mara ile ya kamati, mahali pa kwenda hapakuwepo. Nilikuwa natoka tu.

Jambo jingine lililonisaidia ni muda. Niliona kwamba sauti ya watu ina haraka: jibu leo, maana tangazo ni Jumapili. Ule mzigo wa watoto haukunikimbiza. Uliningoja mwaka na miezi, na kila nilipotulia nikaukuta palepale. Sisemi kila kitu cha Mungu huja polepole, Filipo wa Matendo ya Mitume aliambiwa aende njia ya jangwani akaondoka. Nasema kile kinachokutaka uamue kabla hujaomba, kitilie shaka.

Nikatafuta pia watu wawili wa kuniambia ukweli. Niliwachagua ambao hawapati wala hawapotezi chochote nikiacha au nikibaki. Mmoja hata si wa kanisa letu. Wala usiwadharau wanaokupinga. Kule Kaisaria, nabii Agabo alitabiri kweli kwamba mtume Paulo atafungwa, na ndugu wakamsihi kwa machozi asipande Yerusalemu. Unabii ulikuwa sahihi, ila lile la "usiende" lilitoka kwenye mapenzi yao kwake. Kwa hiyo yule mama aliyenitabiria sikumwita nabii wa uongo. Nilijiuliza tu ni kipi katika maneno yake ni onyo na kipi ni huzuni ya kumkosa mwimbaji.

Nilipoamua, sikusema tena "Bwana amesema". Nilikwenda kwa mchungaji, nikamwambia nimeomba muda mrefu, hivi ndivyo ninavyoona, naomba miezi 3 nimwandae atakayeshika nafasi yangu. Ukisema "Bwana amesema" umemfungia mwenzako mlango, hawezi hata kukuuliza swali. Ukisema "nimeomba, naona hivi", anaweza kukuuliza, na maswali ya mchungaji yalinisaidia. Nilikabidhi daftari la nyimbo, ratiba ya mazoezi, na ufunguo wa stoo ya vyombo. Utii usiokabidhi ufunguo huwa una kasoro mahali. Na kwa wale wa kupiga simu, nilijibu mara moja tu kwa kila mmoja, kwa upole, bila kueleza sana. Nilipojaribu kueleza sana niligundua nimerudi kule kule, natafuta wanikubalie.

Mambo hayakwisha vizuri kwa kila mtu. Kikundi cha sifa kilipwaya kwa muda, nami nikiwa chumba cha nyuma nilisikia kila noti iliyokosewa. Mzee wangu bado ananitupia jicho waimbaji wakipotea. Rafiki mmoja tuliyekuwa tukiimba pamoja hatujarudi kuwa kama zamani, na hilo linaniuma.

Sauti yangu ipo. Naitumia kuwafundisha watoto wa miaka mitano nyimbo za vitendo, na hawajali kama niko kwenye ufunguo wa wimbo. Yule mama wa kikundi cha maombi huniletea mjukuu wake kila Jumapili. Lile neno hatujawahi kulizungumza. Anamkabidhi mtoto mlangoni, ananiambia jana alikuwa na mafua, nimwangalie, kisha anakwenda zake ibadani.