Usimsome Hemingway kwa mdomo wa Hemingway

Nilipokuwa naandika tasnifu kuhusu mtindo wa mwandishi wa Marekani, Ernest Hemingway, sura ya pili ilirudi kutoka kwa msimamizi wangu ikiwa na swali moja tu pembeni, kwa wino mwekundu: "Na mwenzake anasemaje?" Kurasa ishirini, swali moja! Nilinuna siku mbili.

Mwenzake ni F. Scott Fitzgerald, mwandishi wa Marekani na rafiki yake. Nilikuwa nimemchota mzimamzima kutoka A Moveable Feast, kumbukumbu za Hemingway za maisha ya Paris, na humo Fitzgerald ni mlevi wa kuhurumiwa. Sikujiuliza jambo dogo tu: kitabu kilitoka 1964, naye Fitzgerald alifariki 1940. Angejibu vipi?

Kwa hiyo, wewe unayetaka kuandika kuhusu urafiki wa waandishi, anza na barua. Barua ina tarehe, na aliyeiandika hakujua yatakayokuja. Mwaka 1924, kabla hawajaonana hata mara moja, Fitzgerald alimwandikia mhariri wake, Maxwell Perkins, amtafute kijana mmoja hodari aliyeko Paris, yaani Hemingway. Juni 1926 akasoma mswada wa The Sun Also Rises, riwaya ya Hemingway, na kumwambia rafiki yake bila kumung'unya maneno kwamba mwanzo umelegea. Hemingway akazifyeka kurasa kama kumi na tano za mwanzo. Sasa soma kumbukumbu zake: anadai Fitzgerald aliuona mswada ukiwa umeshakatwa na kupelekwa kwa mchapishaji. Hapo tasnifu yangu ikapasuka, maana nilikuwa nimetamba kwamba ufupi ule ni silika yake peke yake.

Linganisha na matoleo pia. The Snows of Kilimanjaro, hadithi fupi aliyoitunga Hemingway baada ya kuja kuwinda huku kwetu 1933 na 1934, mimi niliisoma chuoni mara tatu. Ndani yake kuna Julian fulani anayewaogopa matajiri kama miungu, nikampita. Kumbe ilipotoka mara ya kwanza katika jarida la Esquire, Agosti 1936, pale palikuwa na jina la Fitzgerald, waziwazi. Fitzgerald alimwandikia akimwomba aache kumchafua, na katika mkusanyiko wa 1938 ndipo jina likabadilika. Ukishika toleo moja tu, ugomvi wote huo huuoni. (Ajabu ni kwamba hata katika barua ile ya malalamiko aliisifu hadithi. Mimi nisingeweza.)

Nikaandika upya. Safari hii nikayumba upande wa pili: Fitzgerald akawa ndiye fundi, Hemingway akabaki fundi msaidizi. Sura ikarudi tena, wino uleule: "Na Kansas City Star je?" Yaani gazeti ambako Hemingway alianza kazi 1917, akiwa kijana wa miaka 18, ambako kanuni za uandishi ziliamuru sentensi fupi.

Safari hii sikununa. Nilirudi maktaba.