Maswali ya wenye boti: andikeni tarehe!

Uganda haina bahari. Mbona kila mara unatuhimiza wenye boti za starehe tusaidie utafiti wa bahari? (Msomaji, Mbarara)

Kwa sababu kazi ni ileile, na sisi tuna maji ya kutosha kuifanya. Mwaka 1997 nahodha mmoja Mmarekani, Charles Moore, alikuwa akirudi California kutoka Hawaii baada ya mashindano ya mashua. Alikata njia sehemu ya Pasifiki ambayo wengi huikwepa kwa kukosa upepo, na siku baada ya siku akawa anakutana na plastiki inayoelea. Hakuwa ametumwa na mtu. Baadaye alirudi na wavu wa kuchuja akapima, na dunia ikaanza kusikiliza.

Ziwa Viktoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na boti za watafiti ni chache mno. Wewe uko majini kila Jumamosi. Plastiki nayo iko kwetu: miaka kama kumi iliyopita watafiti walipasua sangara na sato walionunuliwa sokoni Mwanza, wakakuta plastiki tumboni mwa samaki mmoja kati ya kila watano. Mwanza na Ggaba wanakunywa ziwa moja.

Nina boti ndogo ya injini Munyonyo. Sina kifaa chochote cha kisayansi. Naweza kupima nini? (Msomaji wa kiume, Kampala)

Uangavu wa maji. Padri wa Kiitalia, Angelo Secchi, alianza kuupima kwa kisahani mwaka 1865, na mpaka leo njia yake haijapitwa na wakati. Tangu 2013 kuna mradi wa mabaharia wa kawaida duniani kote wanaoshusha kisahani cheupe cha sentimita 30 baharini na kutuma vipimo kwa simu, ili ijulikane mimea midogo inayoelea, chakula cha kwanza cha baharini, inaongezeka au inapungua. Ziwani tunatumia cha sentimita 20, robo nyeusi na robo nyeupe zikipishana.

Changu nilikitengeneza kwa mfuniko wa sufuria. Nilitoboa katikati, nikafunga nati nzito chini na kamba juu, kamba ambayo haivutiki, yenye fundo kila nusu mita. Toka kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Zima injini, vua miwani ya jua, inama upande wa boti wenye kivuli. Shusha taratibu mpaka kipotee, soma kamba. Kisha pandisha mpaka kionekane tena, soma tena. Kipimo chako ni wastani wa hayo mawili. Ndani ya Ghuba ya Murchison, ambako mfereji wa Nakivubo unamwaga maji ya Kampala, changu hupotea kabla ya fundo la pili. Nikitoka nje kuelekea kisiwa cha Bulago, kamba inaendelea kushuka, na moyo wangu unatulia.

Sasa sikiliza vizuri. Kipimo kimoja hakina faida kubwa. Mahali palepale, kila wiki mbili, mwaka mzima, hapo ndipo mtafiti ataanza kukushukuru. Wengi huanza na shauku Januari, ikifika Machi kisahani kiko stoo.

Nimeona samaki wengi wamekufa ziwani. Ni sumu? (Msomaji, Entebbe)

Ziwani wapi? Lini? Samaki gani? Hii ni barua ya nne ya aina hii mwaka huu, na zote nne hazina tarehe wala mahali. Nawaomba sana.

Aina ya samaki ni nusu ya jibu. Sangara anahitaji oksijeni nyingi, kwa hiyo hewa ikipungua majini yeye hufa kwanza. Ndivyo ilivyotokea mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021, Viktoria na Kyoga. Watu walipiga kelele za sumu, lakini maelezo ya serikali yalikuwa upungufu wa oksijeni baada ya dhoruba kuvuruga maji. Kambare anaweza kuvuta hewa ya juu, kwa hiyo ukimkuta naye amekufa pamoja na wengine, wasiwasi wa sumu unakuwa mkubwa zaidi. Piga picha ukiweka kitu cha kulinganisha ukubwa, andika saa, hali ya upepo na rangi ya maji, chukua namba za GPS kwenye simu. Mpelekee afisa uvuvi wa wilaya, na taasisi ya utafiti wa uvuvi, NaFIRRI, iliyoko Jinja. Na usiokote hata mmoja, wa kula wala wa kuuza.

Maua ya gugu maji ni mazuri. Naweza kubeba kidogo nikapande kwenye bwawa la nyumbani? (Msomaji wa kike, Mukono)

Hapana.

Naivuta boti yangu kwa trela kutoka Jinja hadi Kyoga, na mara moja kwa mwaka Bunyonyi. Ni lazima kuiosha kila safari? (Msomaji, Jinja)

Lazima, kila safari. Msomaji wa Mukono naye asome hapa. Gugu maji lilitoka Amerika ya Kusini, likaonekana kwetu mwishoni mwa miaka ya 1980, na katikati ya miaka ya 1990 lilikuwa limeziba ghuba na mialo, mpaka wakaletwa wadudu wa kulitafuna. Halijaisha. Kipande kidogo kinachipua, na mbegu zake hukaa matopeni miaka mingi zikisubiri. Kyoga tayari imepata gugu jingine, salvinia. Nani atalipeleka Bunyonyi? Mtu mwenye trela.

Kabla hujaondoka mwaloni, fungua kizibo umwage nchi kavu maji yote ya ngama, yaani yaliyokusanyika chini ndani ya boti. Pitisha mkono kwenye rafadha, kamba ya nanga, na chini ya fremu ya trela, ambako majani hujikunja usiyaone. Vaa glavu, kwani konokono wa kichocho hupenda kujificha kwenye magugu hayo. Osha, kisha anika juani mpaka kamba zikauke kabisa.

Nimwendee korongo nyangumi, yule ndege mwenye mdomo kama kiatu, karibu kiasi gani kule kwenye kinamasi cha Mabamba? (Msomaji, Wakiso)

Akikugeuzia kichwa na kuacha kuwinda, umeshapita kiasi. Rudi nyuma kwa pondo, bila injini. Anasimama muda mrefu akimvizia kamongo, na boti moja ya haraka inampotezea mlo. Ukiona kiota, mwambie mwongozaji wa pale na ukomee hapo. Usiweke mahali pake kwenye kundi la WhatsApp, maana vifaranga vya ndege huyu vina wanunuzi.

Tunakwenda Watamu, pwani ya Kenya, Agosti. Kuna la kufanya? (Msomaji, Mbale)

Nyangumi wenye nundu hupita huko kati ya Julai na Septemba. Piga picha mkia upande wa chini, kwa sababu kila mmoja ana alama zake, na wapewe watafiti wa pale. Nanga isiguse matumbawe.

Nina miaka 11. Baba akiendesha boti, mimi naweza kuwa mwandishi wa daftari? (Msomaji mdogo, Kigungu)

Unaweza, mwanangu, na pengine utaandika vizuri kuliko baba. Ila hata mstari mmoja usiandikwe kabla wote hamjavaa majaketi ya kuokoa maisha na kuyafunga. Novemba 2018 boti ya starehe ilizama upande wa Mukono, zaidi ya watu 30 wakafa, karibu kabisa na ufuko. Baba akikataa kuvaa, mwonyeshe aya hii.

Gawa ukurasa: tarehe, saa, mahali, upepo, ulichoona. Siku usiyoona kitu, andika kwamba hukuona kitu, maana nayo ni habari. Tumia penseli, wino ukilowa unatoka.