Usimwambie tu "nenda kapime", mweleze kinachofanyika chumbani

Kwenye kikoba chetu hapa Morogoro tumekuwa tukihamasishana kupima saratani ya mlango wa kizazi, na kizuizi ninachokutana nacho ni kilekile. Tangazo la redio mama amelisikia, bango la zahanati ameliona. Asichokijua ni atakachofanyiwa akishapanda kitandani, na kama kitamuumiza. Anayetaka wenzake wapime aanzie hapo.

Mimi huwaeleza waziwazi. Utaingia kwa muuguzi, mlango utafungwa. Utavua nguo ya ndani, utajifunika khanga yako, utalala chali na kukunja magoti. Ataingiza ukeni kifaa cha kupanulia ili auone mlango wa kizazi. Utahisi mgandamizo, na ukijikaza utauhisi zaidi, kwa hiyo vuta pumzi na ulegeze mwili. Halafu atapaka siki nyepesi kwa pamba, asubiri kama dakika moja. Penye mabadiliko huwa panageuka peupe. Hakuna kinachokatwa, na majibu unapewa palepale. Hayo ya kukatwa nayarudia, maana mtaani kuna walioambiwa kwamba ukienda kupima unatolewa kizazi.

Kisha nawaeleza huo weupe. Mara nyingi si saratani, ni mabadiliko yanayoweza kuja kuwa saratani yakiachwa. Kisababishi ni kirusi cha HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Wengi wetu hukipata na mwili hukiondoa wenyewe. Kinapong'ang'ania, huchukua miaka 15 hadi 20 kuleta saratani kwa mwenye kinga imara, na miaka 5 hadi 10 kwa anayeishi na VVU asiyetibiwa. Muda wote huo mwanamke anaweza asihisi chochote. Ndiyo maana jibu la "mbona mimi siumwi" linanitia uchungu sana: damu baada ya tendo la ndoa, uchafu wenye harufu na maumivu ya kiuno mara nyingi huja ugonjwa umeshakwenda mbali. Kwa makadirio ya mwaka 2020, Tanzania wanawake zaidi ya 10,000 waliugua saratani hii na zaidi ya 6,500 wakafariki.

Mabadiliko ya mapema hutibiwa kwa baridi kali au kwa joto, dakika chache tu, na penye vifaa hufanyika siku hiyohiyo. Baada ya hapo utatokwa na majimaji kwa wiki kadhaa, na utaambiwa usishiriki tendo la ndoa kwa takribani mwezi mmoja. Hapa ndipo wengi hukwama. Mama anaambiwa atibiwe leo, anasema ngoja nikamwulize baba watoto, na harudi. Kwa hiyo mume aelezwe kabla ya siku ya kupima, na aelezwe hata hilo la mwezi mmoja. Mwanamume aliyeelewa mapema hana sababu ya kushtuka wala kushuku.

Kwenye vituo vingi vya serikali kipimo ni bure, ila nauli si bure. Sisi tunaitoa kwenye mfuko wa jamii wa kikoba, na tunaepuka siku ya gulio. Pigeni simu kituoni kwanza: ulizeni kama muuguzi aliyefunzwa yupo siku hiyo, kama tiba inapatikana palepale, na kama mnaweza kuhudumiwa na mwanamke. Aliye hedhini asubiri imalizike, hivyo pangeni tarehe ya pili mapema, la sivyo waliobaki hawatakwenda tena.

Wanaolengwa zaidi ni wa miaka 30 hadi 50. Anayeishi na VVU aanze mapema zaidi, aulize kwenye CTC, kliniki anakochukulia dawa za VVU. Mabinti wa miaka 9 hadi 14 wapelekwe chanjo ya HPV, ambayo sasa ni dozi moja tu, lakini chanjo ya binti haimwondolei mama haja ya kupima.

Kabla hujatoka chumbani, hakikisha tarehe ya kurudi imeandikwa kwenye kadi yako. Katibu wetu huwakumbusha waliokubali kukumbushwa. Tarehe tu ndiyo anayoiandika daftarini. Majibu ni ya mwenyewe.