Bakteria "wanapoathiri" tiba ya saratani, wanaiharibu au wanaisaidia?

SWALI: Gazeti moja liliandika, "Bakteria wa tumboni waathiri tiba ya saratani." Shangazi yangu anatibiwa melanoma, yaani saratani ya ngozi, nami nikaelewa kwamba bakteria hao wanaivuruga dawa yake, hata nikataka kumshauri aombe viuavijasumu vya kuwamaliza. Nilipoisoma habari yenyewe nikakuta inasema kwamba baadhi yao huisaidia dawa kufanya kazi. Je, mwandishi alikosea kutumia "kuathiri", au mimi ndiye nisiyejua Kiswahili?

JIBU: Kiswahili chako hakina kasoro, ndugu msomaji, na mwandishi naye hakuvunja kanuni yoyote ya sarufi, ila alichagua neno lenye nyuso mbili na kuliweka mahali ambapo msomaji angeuona uso mmoja tu.

Neno "athari" limetoka katika Kiarabu, ambako "athar" ni alama au unyayo unaoachwa na kitu kilichopita, na unyayo peke yake hausemi kama aliyepita alileta heri au shari. Maana hiyo isiyoegemea upande ingali hai katika maandishi ya kitaaluma: tunaandika kwamba Kiarabu kimeathiri msamiati wa Kiswahili, na hakuna anayedhani kwamba Kiswahili kimejeruhiwa, isipokuwa labda wachache wenye kinyongo na maneno ya mkopo. Katika habari za kila siku, hata hivyo, vinavyoathiri ni mafuriko, ukame, migomo na mfumuko wa bei. Mtaani, mtu akisemwa "ameathirika" bila kutajwa ameathirika na nini, msikilizaji hufahamu kwamba anayezungumziwa ana virusi vya UKIMWI. Zingatia pia tofauti ya kauli: "kimeathiriwa na Kiarabu" hutaja tu kilichotenda na kilichotendwa, ilhali "kimeathirika" tayari hubeba hasara ndani yake. Neno lililozoea kutembea na misiba haliwezi kuingia katika kichwa cha habari kuhusu saratani likasomwa kama tangazo la neema.

Ugumu wa mwandishi naye tuuelewe, kwa maana utafiti wenyewe unakwenda pande zote mbili. Irinotekani, dawa inayotumika dhidi ya saratani ya utumbo mpana, hugeuka mwilini kuwa kemikali yenye nguvu zaidi, ambayo ini huifunga kwa asidi yenye asili ya sukari ili kuituliza, kisha huitoa pamoja na nyongo hadi utumboni. Huko kuna bakteria wenye kimeng'enya kinachokata kifungo hicho. Kemikali huamka tena, huunguza ukuta wa utumbo, na mgonjwa hupatwa na kuhara kukali. Kwa mfano huu, uelewa wako wa "kuathiri" ungekuwa sahihi kabisa.

Kwa upande mwingine, mwanzoni mwa 2018 jarida la Science lilichapisha tafiti tatu, moja kutoka taasisi ya Gustave Roussy nchini Ufaransa, nyingine kutoka hospitali ya MD Anderson mjini Houston, na ya tatu kutoka Chuo Kikuu cha Chicago. Zote zilihusu dawa zinazozuia PD-1, protini iliyo juu ya seli za kinga aina ya T ambayo hufanya kazi kama breki. Dawa huilegeza breki hiyo ili seli ziushambulie uvimbe. Wagonjwa walionufaika walitofautiana na wasionufaika kwa aina za bakteria waliokuwamo utumboni mwao, na kinyesi chao kilipohamishiwa kwa panya waliolelewa bila bakteria wowote, tofauti hiyo ikajirudia kwa panya. Mwaka 2021 tafiti mbili ndogo, ya Israeli na ya Pittsburgh nchini Marekani, ziliwapa wagonjwa wa melanoma ambao dawa ilikuwa imeshindwa kuwasaidia kinyesi cha wagonjwa wenzao waliopata nafuu, pamoja na dawa ileile. Huko Israeli watatu kati ya 10 waliitikia tiba, na huko Pittsburgh sita kati ya 15 walinufaika. (Iandikwe "upandikizaji wa kinyesi", bila haya. Niliwahi kuona mtafsiri mstaarabu ameandika "upandikizaji wa choo", nami nikabaki nawaza mafundi bomba.)

Sasa turudi kwenye neno ulilolitumia wewe, ambalo naona lina hatari kubwa kuliko "kuathiri". Ndani ya "kiuavijasumu" mna "vijasumu", na ndani ya "vijasumu" mna "sumu". Aliyeliunda alikuwa akifikiria kidonda chenye usaha na homa ya mapafu, na kwa kazi hiyo neno linafaa. Lakini linamfundisha msomaji kwamba kila bakteria ni sumu ndogo ya kuuawa, na "vimelea" na "viini vya maradhi" hufundisha vivyo hivyo. Utafiti wa Gustave Roussy ulikuta kinyume chake: wagonjwa waliopewa viuavijasumu karibu na wakati wa kuanza tiba ya PD-1 walinufaika kidogo kuliko wengine. Katika makala za aina hii ningeandika "antibiotiki", neno lisilomhukumu anayeuawa, na "bakteria" kwa upatanisho wa viumbe hai: bakteria hawa, wanaishi, wamepungua. Mgonjwa mwenye maambukizi bado huweza kuzihitaji antibiotiki, na uamuzi huo ni wa daktari wake. Ushauri uliokusudia kumpa shangazi uache.

Usikimbilie "bakteria wazuri" pia, ingawa linapendeza. Wafaransa walimtaja Akkermansia muciniphila, watu wa Houston wakaitaja jamii ya Ruminococcaceae, na orodha ya Chicago ikawa na Enterococcus faecium, ambaye wahudumu wa hospitali wanamfahamu kwa maambukizi sugu yanayoshindikana kwa dawa nyingi. Uzuri huo, basi, ni wa bakteria fulani kwa dawa fulani, si tabia yake ya kudumu. Ningeandika "bakteria waliohusishwa na nafuu", ambalo ni refu lakini ni kweli.

Na "tumboni" je? Hapo ndipo mwandishi alipokosea waziwazi. Tumboni ni popote, hata mimba hukaa tumboni. Zaidi ya hayo, mfuko wa tumbo una bakteria wake mashuhuri, Helicobacter pylori, ambaye Barry Marshall na Robin Warren walipata Tuzo ya Nobel ya 2005 kwa kumgundua na kuonyesha kazi yake katika vidonda vya tumbo, na ambaye pia husababisha saratani ya tumbo. Wanaozungumziwa katika habari uliyosoma hukaa kwa wingi katika utumbo mpana, kwa hiyo waitwe "bakteria wa utumbo".

Imebaki kuchagua kitenzi. "Kushawishi" hakifai, kwa sababu anayeshawishi ana nia na hoja, na bakteria hana hata kimoja. "Kusababisha" kinadai zaidi ya kilichothibitishwa kwa binadamu. "Kusaidia" kinaisahau irinotekani. Katika sentensi yenye nafasi, "kuathiri" chaweza kubaki iwapo kitafuatwa mara moja na upande wake, mfano: "Bakteria wa utumbo huathiri tiba ya saratani, wengine kwa kuiongezea nguvu na wengine kwa kuongeza madhara yake." Katika kichwa cha habari, ambako nafasi hiyo haipo, ningependelea "kubadili", kitenzi ambacho hakijapata sifa mbaya: "Bakteria wa utumbo wanavyobadili matokeo ya tiba ya saratani." Na kama habari yenyewe ni ya zile tafiti za 2018 pekee: "Bakteria wa utumbo wahusishwa na nafuu ya wagonjwa wa saratani."