Muulize Fundi: Kitanda chetu cha watoto kimeishia stoo

SWALI: Mzee, salamu zangu. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi, mwaka wa tano, hapa Kisumu. Mwaka jana sisi watano tulibuni kitanda cha kumpasha joto mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia. Ni sanduku la plaiwudi lenye kifuniko cha plastiki angavu, balbu nne za wati 40 chini yake, sensa ya joto, kibao cha Arduino (kompyuta ndogo ya kuongoza balbu), na programu ya simu ya kumwonyesha nesi joto limefika wapi. Kwenye maonyesho ya chuo tulishika nafasi ya pili. Tukakipeleka kituo kimoja cha afya, manesi wakashukuru, tukapigwa picha. Miezi mitatu baadaye nikarudi nikakikuta stoo, juu yake pamepangwa katoni za glavu. Hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kukilalia. Sasa msimamizi wetu anataka ripoti. Je, tukiongeza betri na skrini kubwa, watakitumia?
— Mwanafunzi, Kisumu

JIBU: Mwanangu, nesi aliyepanga zile katoni mtafuteni mumnunulie soda. Yeye ndiye mtahini wenu wa kweli, na amewasahihishia bila kuwaita ofisini.

Nimetengeneza mashine za hospitali kandokando ya ziwa hili kwa miaka 31 kabla ya kustaafu. Acha nikueleze usiku mmoja wa miaka ya tisini, katika hospitali ambayo sitaitaja. Niliamshwa saa nane. Inkubeta, yaani sanduku la kumpasha mtoto joto, ilikuwa nzuri, ya kutoka ng'ambo, si plaiwudi. Sensa yake hubandikwa kwenye ngozi ya tumbo la mtoto. Plasta zake maalum zilikuwa zimeisha, kwa hiyo wakatumia utepe wa karatasi. Jasho likaulegeza, sensa ikaanguka godoroni, na mashine ikadhani mtoto anapoa. Ikaongeza moto. Nilipofika, nesi alikuwa ameshamtoa mtoto na kumpa mama yake. Nilimgusa mtoto mgongoni, akawa wa moto kama kikombe cha chai. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini kengele ya tahadhari haikuwa imelia, kwa sababu waya wake ulikuwa umekatika tangu Jumatatu, na aliyeahidi kuuunga nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeandika kwenye kidaftari changu: "Ijumaa."

Sasa soma barua yako tena. Huniambii sensa yenu imekaa wapi, nami nahisi mmeigandisha ukutani mwa sanduku. Hapo inapima hewa, haimpimi mtoto. Mtoto mchanga anatakiwa awe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, nafasi ya nyuzi moja tu, na hewa ya sanduku inaweza kuwa sawa huku yeye anapoa au anaiva. Tena, kama programu ya Arduino ikikwama balbu zikiwa zimewaka, nani atazizima? Hata pasi ya nguo ina kikata-joto chake ndani, kisichongoja kuambiwa na mtu. Chenu kiwe na kimoja kinachojitegemea kabisa, kinachokata stima hata kompyuta ikilala. Hilo msiliweke kwenye "maboresho ya baadaye". Bila hilo sitaki hata mkichomeke ukutani.

Kisha kuna usafi. Kila mtoto akitoka, kitanda hupanguswa kwa maji ya klorini ya nusu asilimia. Plaiwudi hunywa maji, na kwa unyevu wetu huu wa ziwani, baada ya wiki chache pembe zitavimba na kuanza kuachana. Humo kwenye nyufa ndimo maziwa, damu na matapishi yanapojificha. Nesi akiona mbao kwenye wodi ya watoto wachanga haoni ubunifu, anaona maambukizi. Na balbu zikiungua? Zinazojaa madukani siku hizi ni za LED, ambazo joto lake ni dogo mno kwa kazi yenu.

Programu ya simu ndiyo iliyonichekesha. Simu ni ya nesi, bando ni lake, mikono ina glavu zenye maji, na usiku yuko peke yake na mama anayesukuma chumba cha pili. Anataka taa nyekundu na kengele anayoisikia akiwa korido. Basi.

Kuhusu betri, piga hesabu ambayo mlipaswa kuipiga kabla ya maonyesho. Balbu nne za wati 40 ni wati 160. Betri ya gari ya volti 12, yenye ampea-saa 50, ina kama wati-saa 600, na ukiizoesha kuimaliza zaidi ya nusu utaiua mapema. Nusu ni 300, gawa kwa 160. Umepata kama saa mbili tu. Stima ikipotea saa nne usiku, saa sita mko gizani, na betri mpya nani atainunua?

Msijione wa kwanza. Mwaka 2010 kulikuwa na inkubeta iitwayo NeoNurture, iliyobuniwa Marekani kwa vipuri vya gari: taa za mbele ndizo zilizotoa joto, feni ya gari ikasambaza hewa. Jarida la Time liliiorodhesha kati ya uvumbuzi bora 50 wa mwaka huo. Haikufika kiwandani. Mkuu wa waliobuni, Timothy Prestero, alisimama hadharani akakiri kwamba walibuni kitu cha kuwapendeza watu wa tuzo. Waliporudi mezani wakatengeneza Firefly, mashine ya mwanga wa buluu kwa watoto wenye manjano, na wakaipa kitanda cha kutosha mtoto mmoja tu makusudi. Walijua nafasi ikibaki, wodi iliyojaa itaweka wawili. Mtu anayejua jambo hilo amesimama wodini, hakulisoma popote.

Na wanafunzi pia huweza. Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, wanafunzi walitengeneza mashine ya kumsaidia mtoto kupumua kwa pampu za tangi la samaki, na sanduku la kwanza lilikuwa la plastiki la kuwekea viatu. Bomba la kutolea hewa linazamishwa kwenye chupa ya maji, na kina cha maji ndicho kinachopanga shinikizo: sentimita tano za maji, shinikizo la sentimita tano. Nesi anatazama mapovu. Yakitokota anajua hewa inafika, yakinyamaza anakimbia kutafuta bomba lililochomoka. Waliipa jina la Kichewa, Pumani, na ikajaribiwa Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, Blantyre, Malawi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha asilimia 71 ya watoto waliotibiwa nayo walinusurika, dhidi ya 44 ya waliopewa oksijeni ya puani tu. Waliolinganishwa hawakuwa wengi, lakini tofauti hiyo mtu haipiti akaendelea na safari. Angalia ilivyo: skrini haina, simu haihitaji.

Lakini mshindani wenu mkubwa hauzwi. Mwaka 1978, Bogotá nchini Kolombia, daktari Edgar Rey aliishiwa inkubeta akaanza kuwafunga watoto vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo sasa iko kila mahali, na kwetu inahitaji leso moja. Stima ikipotea, mama hapotei. Kwa hiyo swali la mradi wenu libadilike: ni mtoto yupi asiyeweza kukaa kifuani, na kwa saa ngapi? Yule ambaye mama yake bado yuko thieta. Yule anayesafirishwa kwa gari kutoka kituo kidogo hadi "Russia", kama tunavyoiita hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, mama akiwa mahututi kwenye machela ya pembeni. Huyo wa garini ningemshughulikia kwanza. Saa mbili za betri zenu, ambazo wodini ni dharau, kwake huenda zikatosha safari nzima.

Ripoti iandike ilivyo: hakikutumika, na sababu ni hizi. Msimamizi akinuna, mwonyeshe barua hii. Kisha mwombe mkuu wa kituo mketi zamu moja ya usiku, wawili tu, bila kifaa, mkiwa na daftari. Andikeni kila mara nesi anapomgusa mtoto, na mkono wake wa pili wakati huo umeshika nini.

SWALI: Fundi, mimi ni nesi Kakamega. Kila mwaka wanafunzi hutuletea vifaa wakitaka tuvijaribu kwa wagonjwa. Nikikataa naonekana mkali. Niwaambie nini?
— Sista wa zamu

JIBU: Sista, endelea kuwa mkali. Waulize vitu vitatu: kibali cha kamati ya maadili, leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia), na barua ya mkuu wa hospitali. Hata wakiwa navyo, mama hana budi kuelezwa kwa lugha anayoielewa na kukubali kabla mwanawe hajaguswa. Kikitaka kuuzwa, kuna Bodi ya Dawa na Sumu pia. Wasipokuwa navyo, usiwafukuze. Wape mfuko wa plastiki wenye lita mbili za maji ya vuguvugu, uwe ndiye mtoto, na kona yenye soketi. Waache wapime joto asubuhi hadi jioni, wasafishe kwa klorini mara kumi, wachomoe plagi ghafla waone kinafanya nini. Na usikubali waya uliofungwa kwa selotepu uchomekwe ukutani kwako, hata kama profesa amesimama hapo.