Doa jeupe ubavuni mwa ulimi: uwezekano wa kugeuka kansa ukoje?

Mkuu, nimekuelewa hivi: una doa jeupe ubavuni mwa ulimi, majibu ya kinyama (kipande kilichokatwa kwenye doa kikapimwa) yamesema lukoplakia, yaani doa jeupe lisilofutika na lisilo na ugonjwa mwingine wa kulieleza, yenye displasia ya wastani, huvuti sigara, na unataka kujua ni asilimia ngapi litageuka kansa. La kwanza, hiyo bado si kansa. Displasia maana yake seli za utando laini wa mdomo zimeanza kuota ovyo, zikipishana ukubwa na mpangilio, lakini hazijatoboa tabaka linalozitenganisha na nyama ya chini. Zikitoboa ndipo inaitwa kansa. Wengi wenye displasia hawafiki huko.

Namba zipo, ila zisome kwa akili. Ukichanganya tafiti nyingi, lukoplakia kwa jumla hugeuka kwa takriban mtu 1 kati ya 10. Laikeni plana, ugonjwa wa uvimbe wa utando wa mdomo unaoleta mistari myeupe, ni kama 1 kati ya 100. Mdomo uliokakamaa kwa sababu ya kutafuna popoo ni kama 4 hadi 5 kati ya 100. Doa jekundu, yaani eritroplakia, ni karibu theluthi moja, na mara nyingi kinyama kikikatwa siku ya kwanza kinakutwa tayari kina kansa au displasia kali. Ile lukoplakia inayosambaa polepole kama chunjua, ikihama kutoka ufizi mmoja hadi mwingine mwaka hadi mwaka, inafika karibu nusu. Namba nyingi kati ya hizi zimetoka hospitali kubwa, na huko hupelekwa walio na hali mbaya zaidi. Kwa hiyo hiyo 1 kati ya 10 si bahati nasibu yako wewe. Ya kwako inategemea mambo matano au sita, na hapo ndipo pa kutazama.

Mahali. Ubavu wa ulimi na sakafu ya mdomo chini ya ulimi ndizo sehemu mbaya zaidi. Doa kama hilo likiwa ndani ya shavu lisingenisumbua sana.

Sura. Doa jembamba, jeupe lote, lenye uso sawa lina hatari ndogo. Likiwa na vijidoa vyekundu katikati, vinundu au mikwaruzo inayovuja damu, hatari inapanda mara kadhaa. Ukubwa nao: likizidi milimita za mraba 200, yaani kama sentimita 2 kwa 1, lihesabu kuwa kubwa.

Sigara. Hapa watu wengi hujifariji vibaya. Asiyevuta mwenye lukoplakia ana hatari kubwa kuliko mvutaji mwenye lukoplakia. Doa la mvutaji mara nyingi ni utando unaojikinga na moshi na joto, na akiacha linaweza kufifia lenyewe. La asiyevuta halina kichokozi kinachoonekana, kwa hiyo inaelekea mabadiliko yametoka ndani ya seli zenyewe. Hiyo haimaanishi tumbaku ni salama: kwa watu wote kwa jumla bado ndiyo chanzo kikuu cha kansa ya mdomo, na ikichanganywa na pombe madhara yanazidishana badala ya kujumlishana tu. Ugoro wa kuweka mdomoni uko humo humo, na popoo pia. IARC, shirika la utafiti wa kansa la WHO, imeiweka popoo kundi la 1, yaani la vitu vilivyothibitika kuleta kansa, hata ikitafunwa bila tumbaku.

Kisha daraja la displasia: ndogo, ya wastani, kali. Ndicho kipimo bora tulicho nacho, lakini kina matundu mawili. Wataalamu wawili wa patholojia wakisoma kioo kimoja (kile cha maabara chenye kinyama, kinachotazamwa kwa darubini) wanaweza kutoa madaraja tofauti, hasa hapo kwenye "wastani". Ukipata nafasi, omba kioo kisomwe na mtu wa pili anayeshughulika na mdomo. Tundu la pili ni kwamba kinyama ni kipande tu. Doa la sentimita 2 likikatwa sehemu moja ya milimita 4, palipobaki pote hapajasomwa, na hutokea doa zima likiondolewa likakutwa na hali mbaya kuliko kile kipande cha mwanzo.

Ndiyo maana uliza kinyama chako kilikatwa wapi. Panatakiwa pale palipo pekundu, pagumu ukipapasa, au penye kidonda. Kukata pale peupe zaidi kwa sababu panaonekana vizuri ni kosa la kawaida sana. Doa kubwa au lenye rangi mbili linahitaji vipande viwili au vitatu, kila kimoja na chupa yake na maelezo ya mahali kilipotoka. Ganzi huchomwa pembeni ya doa. Ikichomwa ndani yake tishu inavimba na kupotosha picha. Kipande kishuke hadi kwenye nyama chini ya utando, kwa sababu swali zima ni kama seli zimevuka au la. Kikiwa kijuujuu hakijibu kitu. Kisibanwe kwa koleo katikati, na kitumbukizwe mara moja kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi tishu) ya asilimia 10 yenye ujazo angalau mara kumi ya kipande. Kikiwekwa kwenye maji ya chumvi au kikaachwa kikauke, maabara inapokea takataka. Na asije mtu akakuchomea doa kwa leza au umeme kabla halijapimwa: likishakuwa moshi hakuna tena cha kusoma.

Kwa wanaosoma uzi huu na hawajapimwa: si kila cheupe ni lukoplakia. Utando unaofutika kwa chachi ni fangasi. Mstari mweupe shavuni unaofuata meno yanapokutana ni msuguano. Weupe wa shavuni unaopotea ukilivuta ni maumbile tu. Kuna na weupe wenye mikunjo wima ubavuni mwa ulimi, haufutiki, unaotokana na kirusi cha EBV kwa mtu mwenye kinga iliyoshuka. Huo haugeuki kansa, ila unadai kipimo cha VVU. Jino lenye ncha au meno ya bandia yanayokwaruza yarekebishwe, halafu doa litazamwe tena baada ya wiki 2. Lakini doa jekundu, gumu au lenye kidonda halisubiriwi wiki hizo, linakatwa kinyama.

Matibabu sasa. Kwa displasia ya wastani ubavuni mwa ulimi, madaktari wengi wataliondoa lote, kwa kisu au leza, na mimi naona ni sawa. Faida mojawapo ni kwamba doa lote linasomwa. Ila usiambiwe kwamba likishaondolewa umepona. Hakuna utafiti uliothibitisha kuwa kukata kunazuia kansa kwa uhakika. Madoa hurudi, na kansa huweza kuota sentimita chache kutoka kwenye kovu. Ni kama shamba lililokwisha ingia mbegu za magugu: umeng'oa lililochomoza, udongo ni ule ule. Vidonge vya vitamini A na jamaa zake hufanya baadhi ya madoa yasinyae, yakirudi dawa ikiachwa, na havijaonyesha kuzuia kansa. Beta-karotini ya dozi kubwa iliongeza kansa ya mapafu kwa wavutaji, kwa hiyo usijinunulie. Kama kinyama kimeonyesha fangasi ndani ya doa, tibu fangasi kwanza, maana nayo inaweza kufanya seli zionekane mbaya kuliko zilivyo.

Baada ya hapo ni kufuatiliwa. Kwa daraja lako, kila miezi 3 mwanzoni, baadaye kila miezi 6, bila tarehe ya kufunga faili, kwa sababu kansa inaweza kuja baada ya miaka mitano au zaidi. Kila ziara: picha yenye rula pembeni ya doa, mdomo wote kukaguliwa, shingo kupapaswa. Doa likibadilika, kinyama kipya; cha zamani hakikulindi.

Nyumbani fanya mara moja kwa mwezi. Taa kali, kioo, mikono safi. Shika ncha ya ulimi kwa chachi kavu, uvute kushoto kisha kulia mpaka uone ubavu hadi nyuma kabisa, pale karibu na magego ya mwisho. Wengi huishia katikati. Inua ulimi uone sakafu. Pitisha kidole juu ya doa: lilikuwa laini, sasa ni gumu kama kifungo? Hiyo ni ya kwenda wiki hiyo hiyo. Vivyo hivyo wekundu mpya, kidonda kilichopita wiki 2 hadi 3, ganzi mdomoni, jino lililolegea bila sababu, sikio la upande huo kuuma wakati lenyewe ni zima, au tezi ya shingoni isiyoisha. Usisubiri maumivu. Kansa changa ya ulimi mara nyingi haiumi.