Ombi la Kijana Wetu

SWALI: Mwanetu wa miaka 15 ana DIPG, saratani ya shina la ubongo, na tiba imekoma. Ameomba uvimbe wake uende kwenye utafiti baada ya kifo. Tutaweza kumzika uso ukiwa wazi? Mama, Minneapolis.

JIBU: Pole sana, mama. Mtaweza: mkato hupita nyuma ya kichwa, mto huuficha. Hatari ni kuchelewa, maana seli hai hutakiwa ndani ya saa chache. Sainini ridhaa sasa. Muuguzi na wazishi wawe na simu ya mratibu wa utoaji wa uvimbe, hasa mwisho wa juma. Ulizeni nani hulipia usafiri wa mwili. Gift from a Child, mpango wa Marekani wa kutoa uvimbe wa ubongo wa watoto kwa utafiti baada ya kifo, husaidia kupanga. Sampuli za namna hii zilichangia ugunduzi wa 2012 wa hitilafu ya jeni za H3, zinazounda protini za kufungia DNA, kwenye DIPG.